MBEGU ZA MABOGA: ZA KUPANDA NA ZA KULA

Wasomaji wetu wa Tukuyu na wa nchi yote ya Rungwe hawana haja ya kufundishwa boga ni nini. Kila nyumba inalo, ama kando ya migomba, ama katikati ya mahindi, ama juu ya jalala nyuma ya jiko ambako lilijiotea lenyewe. Boga ni chakula kisicho na makuu. Halina bei kama chai wala kahawa, wala hapana mtu aliyejengea nyumba ya bati fedha za maboga. Lakini mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala limekwisha kuwa tupu, majani ya maboga ndiyo mboga ya kila siku, na boga lenyewe ndilo lijazalo chungu. Kwa sababu hiyo twapenda kusema habari ya mbegu zake, maana twaona ya kuwa katika jambo hili wengi wetu tunapoteza mali bila kujua.

Hasara yenyewe ni hii. Tuseme mama wa nyumba amevuna maboga sita. Moja ni kubwa, zito, tamu, na shina lake lilistahimili ukungu na baridi kuliko mengine yote. Wageni wanakuja. Je, atawapikia boga lipi? Hapana shaka atawapikia lile zuri, maana ndiyo heshima. Mbegu zake zinakaangwa siku ile ile, watoto wanazitafuna, na habari imekwisha. Baadaye linabaki boga moja dogo, lililochelewa, ambalo hapana aliyelitamani. Miezi ya kupanda ikifika, mbegu zatolewa katika boga lile. Mwaka wa pili hufanywa vivyo hivyo, na mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kisha watu husema, “Ardhi imechoka, maboga ya siku hizi si kama ya wazee wetu.” Pengine ardhi haikuchoka, ni sisi tuliokula mbegu njema kila mwaka tukapanda zilizo dhaifu.

Basi neno letu kubwa leo ni moja: mbegu ya kupanda huchaguliwa shambani boga lingali katika shina lake, wala haichaguliwi jikoni baada ya watu kushiba.

ASILI YA BOGA

Boga si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni nchi za Marekani, nalo lililetwa huku baada ya mabaharia wa Ulaya kuanza kuivuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Katika pango liitwalo Guilá Naquitz, nchi ya Mexico, wachimbaji walikuta mbegu za maboga yaliyolimwa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita. Wataalamu wengi hudhani ya kuwa watu wale wa kale walilipenda boga kwa ajili ya mbegu zake kwanza, kwa sababu nyama ya maboga ya mwituni ni chungu, haiwezi kuliwa. Watu walichagua mbegu za maboga yasiyo machungu, wakazipanda, wakachagua tena, hata nyama ikawa tamu kama tuijuavyo leo. Kwa hiyo utamu wa boga ulitokana na kazi ya wachaguzi wa mbegu kwa miaka elfu nyingi, na kazi hiyo yaweza kuharibika kwa uvivu wa miaka michache.

NAMNA YA KUCHAGUA

Boga likiwa bado shambani, mwenye shamba na atembee akitazama mashina yote. Achague shina lenye afya, lisilo na majani yenye mabaka wala yaliyokunjamana, na lililozaa mapema. Tena asichume majani mengi katika shina hilo; majani ndiyo yanayolisha tunda, na shina lililochumwa sana huzaa mbegu nyepesi zisizojaa. Katika shina la mbegu yafaa yaachwe matunda mawili au matatu tu. Kisha afunge alama, kwa mfano ukambaa wa mgomba, ambao katika nchi yetu haununuliwi, ili watu wote wa nyumbani wajue ya kuwa boga lile si la kukatwa ovyo.

Wala si vizuri kutegemea boga moja. Mbegu zichukuliwe katika maboga matano au zaidi ya mashina mbalimbali, maana boga moja likiwa na udhaifu uliofichika, watoto wake wote watakuwa nao.

Hapa yafaa walimu waeleze shuleni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Shina la boga lina maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba, na ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Nyuki huchukua unga wa manjano, yaani chavua, kutoka ua dume akaupeleka katika ua jike. Bila nyuki kiboga hunyauka na kuanguka. Lakini nyuki hachagui shamba la mtu. Akitoka katika maboga mabaya ya jirani akaingia katika maboga yako mema, mbegu zitachanganyika damu. Tunda la mwaka huu halitaonyesha dalili yo yote. Nyama yake itakuwa tamu kama kawaida. Mchanganyiko huonekana mwaka ujao, mbegu zile zikipandwa. Ndiyo sababu mtu hushangaa kupanda mbegu za boga tamu na kuvuna maboga yasiyo na ladha.

Wakulima wakubwa wa mbegu huyatenga mashamba yao kwa nusu maili au zaidi. Vijijini kwetu haiwezekani, maana nyumba hukaribiana. Lakini iko njia rahisi ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Jioni tazama ua jike na maua dume yaliyo tayari kufunguka kesho, yaliyoanza kuwa ya manjano ncha zake. Yafunge ncha kwa uzi ili nyuki asiingie. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, chuma ua dume, likwanyue majani yake ya manjano, kisha ulisugue taratibu ndani ya ua jike uliyelifungua. Ukiisha, lifunge tena ua jike, na kufunga alama katika kikonyo chake. Mbegu za boga hilo zitakuwa za ukoo unaoujua.

Watu wengine huogopa kupanda maboga karibu na matango, matikiti au mung’unye, wakisema ya kuwa yatachanganyika. Hofu hiyo haina msingi. Hayo si jamaa wa karibu, wala hayazalishani na boga. Hatari ni boga kwa boga la jamii moja. Na boga lo lote likionekana chungu mdomoni, lisiliwe, hata likipikwa sana, maana uchungu ule ni sumu iumizayo tumbo. Wala mbegu zake zisihifadhiwe.

KUVUNA NA KUTOA MBEGU

Boga la mbegu lisivunwe upesi. Lingoje hata ganda liwe gumu, ukucha usiweze kulitoboa, na kikonyo kikauke. Likatwe pamoja na kipande cha kikonyo, liwekwe mahali pakavu penye hewa kwa muda wa mwezi mmoja. Katika mwezi huo mbegu zilizo ndani huendelea kujaa na kukomaa. Mwenye haraka ya kulipasua hupata mbegu bapa zenye kiini chembamba.

Baada ya mwezi lipasuliwe. Na hapa pana furaha, maana boga la mbegu halikosi kuliwa: nyama huingia chunguni, mbegu huingia akibani. Mgeni aweza kupewa nyama ile bila aibu yo yote. Boga moja kubwa hutoa mbegu mamia, na shamba la nyumba moja halihitaji nyingi hivyo. Kwa hiyo atakayeweka mbegu kwa akili hatapunguza chakula cha watoto wake. Atangoja mwezi mmoja tu.

Mbegu zioshwe kwa maji safi, zisuguliwe mikononi mpaka ule utelezi uondoke. Wengine huzimwaga zote zinazoelea. Kwa mbegu za boga jambo hilo hudanganya, kwani hata zilizo nzima huelea mara nyingi. Afadhali zikaushwe kwanza, kisha zichaguliwe moja moja kwa vidole: iliyojaa, nene, isiyo na doa, hiyo ni ya kupanda; iliyo bapa na nyepesi itupwe.

KUKAUSHA KATIKA NCHI YA UKUNGU

Wahenga walisema, “Akiba haiozi.” Ni kweli, lakini akiba ya mbegu huoza upesi ikiwekwa mbichi, na katika Rungwe hilo ndilo jambo la kuangaliwa zaidi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zipatazo mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania. Pande nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maboga hukomaa wakati mvua inapoelekea kwisha, na baada yake huja miezi ya Juni na Julai yenye baridi na ukungu, hata mlima wa Rungwe wenyewe huweza kukaa siku nyingi bila kuonekana. Mtu wa Dodoma aweza kutandaza mbegu zake nje na kuzisahau. Mtu wa Tukuyu hawezi.

Mbegu zitandazwe juu ya ungo au mkeka, safu moja tu, zisilaliane. Ziwekwe mahali penye upepo na kivuli, au katika jua dogo la asubuhi, zigeuzwe mara kwa mara, na zirudishwe ndani kabla umande haujaanguka. Zisianikwe juu ya bati wakati wa jua kali. Bati huwaka moto, na mbegu ikipata joto kupita nyuzi 40 huweza kufa ingawa kwa nje yaonekana nzima. Ukungu ukizidi, ungo uwekwe juu ya uchaga wa jikoni, mbali na moto, mahali ambapo mkono wa mtu waweza kukaa bila kuona joto kali. Kazi hii huchukua wiki mbili, pengine tatu. Kipimo chake ni hiki: kunja mbegu kwa vidole. Ikipinda, bado, ikivunjika kwa mlio, imekauka.

MAHALI PA KUWEKA

Adui wa mbegu ni unyevu, joto, wadudu na panya. Wataalamu wa mbegu wana kanuni moja ya kukisia: kila unyevu wa mbegu unapopunguzwa kwa sehemu moja katika mia, umri wake huongezeka yapata mara mbili, na kila ubaridi wa mahali unapozidi kwa nyuzi 5, umri wake huongezeka tena mara mbili. Kwa kufuata jambo hilo nchi ya Norwei ilifungua mwaka 2008 ghala la mbegu za dunia nzima ndani ya mlima katika visiwa vya Svalbard, na humo mbegu hukaa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sisi hatuna ghala la barafu, lakini hali yetu si mbaya. Baridi ya milimani tumepewa bure, tena inatupita wenzetu wa Kyela kando ya ziwa Nyasa, ambako joto ni kubwa. Kilichobaki kwetu ni kuuzuia unyevu. Chukua kibuyu, mtungi mdogo au chupa iliyokauka kabisa. Tia majivu ya kuni yaliyochekechwa, yaliyotoka mekoni siku ile ile na kupoa, maana majivu ya zamani yamekwisha kunywa unyevu wa hewa. Tia mbegu, kisha majivu tena, safu kwa safu, hata chombo kijae. Kizibwe sana kwa kizibo na nta au udongo, kiandikwe jina la boga na mwaka, kiwekwe mahali pa baridi pasipofikiwa na panya. Kisifunguliwe kila mara kwa kutaka kutazama, kwani kila kikifunguliwa ukungu huingia. Mbegu zilizowekwa hivyo huweza kudumu miaka minne au zaidi. Hata hivyo yafaa kupanda nyingine kila mwaka, na kuacha sehemu kuwa akiba, mwaka mbaya ukitokea.

KUJARIBU KABLA YA KUPANDA

Majuma mawili kabla ya mvua za Novemba, hesabu mbegu 20. Zifunge katika kitambaa chenye maji kidogo, ukiweke karibu na jiko penye uvuguvugu, na kitambaa kisikauke. Baada ya siku nane hesabu zilizochipua. Zikichipua 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikichipua 10, panda mbegu maradufu katika kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, mwombe jirani mapema, usingoje mvua ikukute huna kitu. Jaribio hili lafaa sana kwa shule, maana watoto hujifunza hesabu na kilimo kwa pamoja.

Panda wakati udongo una joto, si katika siku za baridi, kwani mbegu ya boga huoza katika udongo wa baridi wenye maji mengi. Chimba shimo, tia samadi iliyooza, weka mbegu tatu au nne kina cha inchi moja, na kati ya shimo na shimo acha futi 6 au zaidi. Zikiisha kuota, zibaki mbili zilizo na nguvu.

MBEGU ZA KULA

Zilizobaki baada ya uchaguzi ni chakula, tena chakula bora. Viini vilivyomenywa vya gramu 100 vina protini yapata gramu 30, yaani chakula kijengacho mwili, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Vina pia madini ya chuma na ya zinki. Kwa nyumba isiyopata nyama kila juma, msaada huo si mdogo, hasa kwa watoto walioachishwa ziwa.

Zikaangwe katika chungu au kikaango kikavu, kwa moto mdogo, zikigeuzwa daima, mpaka zianze kualika na kunukia. Ukipenda, nyunyiza maji ya chumvi kabla ya kukaanga. Au zitwangwe kinuni, zichekechwe, na unga wake utiwe katika majani ya maboga au maharage badala ya karanga. Unga huo utwangwe wa siku chache tu, kwa sababu mafuta yake huchacha. Mtoto mdogo asipewe mbegu nzima, asije akapaliwa. Apewe unga katika uji.

Yako maonyo mawili. Kwanza, mbegu zilizonunuliwa dukani zenye rangi nyekundu, bluu au kijani zimetiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Hizo ni za kupanda tu. Haziliwi na mtu wala kuku, hata zikioshwa. Pili, mbegu iliyoota ukungu au kunuka uvundo isiliwe, wala isikaangwe kwa kudhani moto utaisafisha. Ukungu huweza kuacha sumu isiyokufa kwa moto wa jikoni, iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na wengine wao walikufa.

MFANO WA WATU WA LENINGRAD

Labda mtu atasema, “Njaa ikibisha hodi, nani atakumbuka mbegu?” Twamjibu kwa habari ya kweli. Katika vita kuu ya pili mji wa Leningrad katika Urusi, ambao leo waitwa Saint Petersburg, ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, na watu malaki walikufa kwa njaa. Katika mji huo palikuwa na chuo chenye mbegu za nchi nyingi, zilizokusanywa na mtaalamu Nikolai Vavilov na wenzake. Yeye mwenyewe alifika hata Uhabeshi mwaka 1927 kutafuta mbegu. Watunzaji wa chuo walikaa miongoni mwa magunia ya mchele, ngano na njugu, wasile hata konzi moja, na baadhi yao walikufa kwa njaa kazini. Walijua ya kuwa mbegu ile ikiliwa hushibisha watu wachache kwa siku chache, na ikitunzwa hulisha watu wa vizazi vingi.

Hapana atakaye mtu wa Rungwe afe kwa ajili ya mbegu za maboga. Twataka kidogo tu: ukambaa wa mgomba katika mashina matano, subira ya mwezi mmoja, na kibuyu cha majivu. Katika nyumba nyingi kazi hii ni ya akina mama, na wao ndio wenye maarifa yake. Basi wazee wa vijiji na wawaulize bibi zao ni maboga gani yaliyokuwa mema zamani, na nani bado anayo mbegu yake. Walimu na watenge tuta moja katika shamba la shule. Na mwenye mbegu njema ampe jirani yake konzi moja, maana chombo chake kikiingia panya, atajua pa kuipata tena.